Max Factor: fundi wa mawigi aliyegeuza sinema kuwa tangazo la duka lake

Miaka mingi kabla ya wasanii wa filamu kuanza kuonekana kwenye mabango ya barabarani wakitangaza sabuni, soda na simu za mkononi, mhamiaji mmoja aliyeingia Marekani akiwa hajui Kiingereza alikwishaona kuwa mtu anayetazama sinema ni mteja aliyekaa kitini. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha duka lilipo.

Mtu huyo ni Maksymilian Faktorowicz, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Max Factor. Alifariki mwaka 1938, lakini njia yake ya kutangaza bidhaa kupitia nyota wa filamu imeendelea kutumika hadi leo, kuanzia Hollywood hadi Mumbai, na wengi wanaoitumia hawajui ilianza kujengwa na nani.

Maisha yake ni ya mfanyabiashara aliyevuka mipaka akiwa na sanduku la mawigi, akaibiwa na mshirika wake, akaanza upya, na mwisho akafanikiwa kupata matangazo ya thamani kubwa bila kuwalipa nyota fedha nyingi. Hata hivyo, si kila aliyeingia katika mpango huo alipata fungu lake.

ALIANZIA DUKA LA DAWA

Max Factor alizaliwa katika familia maskini ya Kiyahudi huko Zduńska Wola, nchini Poland, wakati eneo hilo likiwa chini ya Dola ya Urusi. Kumbukumbu nyingi zinataja mwaka 1877 kuwa ndio aliozaliwa, ingawa zipo zinazotaja mwaka wa mapema zaidi.

Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumsomesha, hivyo akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa kufanya kazi katika duka la dawa. Huko alijifunza kuchanganya mafuta, unga na rangi, ujuzi ambao baadaye ulikuja kuwa mtaji wake mkubwa. Mwaka mmoja baadaye akahamia kwa fundi wa mawigi, ambako alifundishwa kushona unywele mmoja mmoja kwenye kitambaa.

Akiwa kijana wa miaka 14 alikuwa Moscow, akifanya kazi kwa fundi aliyekuwa akiwahudumia waimbaji wa opera ya kifalme. Baada ya kutumikia jeshi la Urusi kwa miaka minne, alifungua duka lake mwenyewe katika mji wa Ryazan, akiuza mawigi, krimu na rangi za uso alizotengeneza kwa mikono yake.

Kikundi cha maigizo kilichopita mjini hapo kikielekea kutumbuiza mbele ya watu wa ukoo wa Mfalme kilinunua bidhaa zake. Haukupita muda mrefu, naye akaitwa kuhudumia opera na watu wa jumba la kifalme.

Kwa wengi hiyo ingekuwa bahati, lakini kwake ilikuwa kama kifungo. Alikuwa akichungwa, hakuwa huru kusafiri apendavyo, na alilazimika kuoa kwa siri. Aidha, hizo zilikuwa nyakati ambapo Wayahudi wa Urusi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa.

Kwa mujibu wa simulizi ya familia yake, alijinasua kwa kutumia ufundi wake mwenyewe. Alijipaka rangi ya manjano usoni ili aonekane kama mtu mwenye maradhi ya ini, daktari akamruhusu kwenda kupumzika kwenye chemchemi za maji ya tiba nje ya nchi, na huko akakutana na mkewe Esther na watoto wao watatu. Mwaka 1904 familia hiyo ilipanda meli kwenda Marekani.

MSHIRIKA ATOWEKA NA MALI

Alipofika New York jina lake lilifupishwa na kuwa Max Factor. Hakukaa hapo. Aliendelea na safari hadi St. Louis, ambako mwaka huo kulikuwa na maonesho makubwa ya dunia, akakodi sehemu na kupanga mawigi na vipodozi vyake.

Biashara ilianza vizuri, lakini mshirika aliyekuwa akimsaidia, hasa kwa sababu ya lugha, alitoweka na mali pamoja na fedha zote. Ikabidi Max Factor asaidiwe na ndugu zake kufungua duka la kinyozi, akarudi kunyoa watu ili familia yake ipate chakula.

Mwaka 1906 mkewe Esther alifariki dunia ghafla, akamwachia watoto wanne, mdogo wao akiwa Frank, aliyezaliwa mwaka ule ule walipofika Marekani. Ndoa ya pili haikudumu. Mwaka 1908 alimwoa Jennie Cook, na mwaka huo huo familia ikahamia Los Angeles.

Sababu ya kuhama ilikuwa ya kibiashara. Habari zilikuwa zimeenea kwamba watengenezaji wa picha zinazotembea wanahamia upande wa magharibi kufuata jua, kwa kuwa kamera za wakati huo zilihitaji mwanga mwingi. Max Factor alijua kuwa penye waigizaji patahitajika mawigi na rangi za uso.

TATIZO LA KAMERA

Mwaka 1909 alifungua duka karibu na majumba ya maigizo ya Los Angeles, akawa wakala wa rangi za kampuni kubwa za waigizaji, ikiwemo Leichner ya Ujerumani. Rangi hizo zilikuwa za mafuta mazito, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama jukwaani mbali na watazamaji.

Kwenye filamu mambo yalikuwa tofauti. Kamera ilisogea karibu na uso, na rangi ile nzito ikikauka ilipasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Kila mpasuko ulionekana kwenye pazia la sinema ukiwa mkubwa mara nyingi zaidi ya ulivyo.

Isitoshe, filamu za siku hizo hazikuiona rangi nyekundu ipasavyo. Mdomo uliopakwa nyekundu ulitokea mweusi, na mashavu yenye wekundu yalionekana kama yana uchafu. Waigizaji walihangaika kwa kujipaka mchanganyiko wa kila aina, hata unga na mafuta ya kupikia.

Mwaka 1914 Max Factor alitoa rangi laini iliyokuwa kama krimu, ikiwa ndani ya kopo, katika vivuli 12. Rangi hiyo ilikaa nyembamba na iliufuata uso ulipocheka au kukunjamana. Wachekeshaji wa filamu bubu, ambao kazi yao yote ilitegemea uso, walikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza, na duka lake likawa mahali ambapo waigizaji walipita asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mwaka huo huo ndipo ilipotoka filamu ya Cecil B. DeMille iitwayo The Squaw Man. DeMille alitaka mawigi ya nywele halisi lakini hakuwa na fedha za kuyanunua, akaomba akodishiwe. Max Factor aliogopa mali yake isiharibike. Walikubaliana kwamba mawigi yatakodishwa, ila wanawe wa kiume wapewe kazi ya waigizaji wa ziada ili wayalinde, na kila jioni wahakikishe yamerudi.

Makubaliano hayo madogo yalimfungulia mlango. Tangu wakati huo hakuwa tu muuzaji anayebisha hodi studio, bali mtu aliyekuwa ndani, anayejua filamu ijayo ni ipi, nani atacheza na atahitaji nini.

Hadi mwaka 1925, filamu ya Ben-Hur ilipokuwa ikitengenezwa, kampuni yake iliweza kutoa galoni 600 za rangi, yaani zaidi ya lita 2,000, ili ngozi za waigizaji wa ziada waliopigwa picha Marekani zifanane na za wale waliopigwa picha Italia.

AKATALIWA UJERUMANI

Tukio jingine lililombadilisha lilitokea mwaka 1922 akiwa safarini Ulaya na mkewe. Alikwenda Ujerumani kuwatembelea Leichner, kampuni aliyoiuzia bidhaa zake Marekani kwa miaka mingi. Inasimuliwa kuwa aliachwa akisubiri kwa muda mrefu bila kupokewa na wakubwa wa kampuni hiyo.

Aliondoka bila kuonana nao, akapeleka simu ya maandishi kwa wanawe mjini Los Angeles akiwaagiza waanze kuuza rangi ya kampuni yao wenyewe, iliyowekwa ndani ya mirija safi badala ya vijiti vilivyoshikwa na kila mtu. Kuanzia hapo aliyekuwa wakala akawa mshindani, na aliyekuwa mwenye mali akapoteza soko la Hollywood kwa sababu ya kumdharau msambazaji wake.

Wafanyabiashara wanaosambaza bidhaa za nchi nyingine wanaielewa hali hiyo vizuri. Wakala ndiye anayemjua mteja kwa jina, na siku akiondoka huondoka naye.

NENO LA WAIGIZAJI LAINGIA MAJUMBANI

Hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wengi wa Marekani waliojiheshimu hawakutaka kuonekana wamejipaka rangi. Hata neno mekapu lilikuwa la watu wa majukwaani, na maduka ya heshima yaliliepuka, yakipendelea kuzungumzia krimu na poda tu.

Sinema ilianza kuibadilisha hali hiyo. Msichana wa kijijini aliyekuwa akiingia kwenye ukumbi kila Jumamosi aliona uso wa nyota ukijaza ukuta mzima, akarudi nyumbani akajitazama kwenye kioo. Hakuhitaji kuelezwa kuwa kujipaka rangi si vibaya, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuiona na kuipenda.

Max Factor aliliona hilo kabla ya wauzaji wengi. Mwaka 1918 alitangaza utaratibu alioupa jina la Color Harmony, ambao ulisema kwamba poda, rangi ya mashavu na rangi ya mdomo lazima vichaguliwe kwa kufuata rangi ya ngozi, nywele na macho ya mhusika. Mwaka 1920, akisukumwa na mwanawe Frank, aliacha aibu na kuanza kutumia neno lile lile la waigizaji kwa bidhaa za wanawake wa kawaida, akiziita Society Make-Up.

Utaratibu wa Color Harmony ulikuwa ufundi, lakini pia ulikuwa biashara yenye akili. Mwanamke aliyekubali kwamba rangi zote lazima zioane hakununua kopo moja, alinunua matatu.

MAPATANO NA STUDIO

Mwaka 1927 bidhaa hizo zilianza kusambazwa Marekani nzima kupitia kampuni ya usambazaji iitwayo Sales Builders. Hapo ndipo swali la matangazo lilipokuwa kubwa. Kampuni ya familia isingeweza kushindana kwa fedha na majina makubwa ya vipodozi ya New York na Paris.

Jibu lilikuwa mapatano ambayo mfanyabiashara yeyote wa mpakani angeyatambua, kwa sababu kimsingi yalikuwa ni kubadilishana mali kwa mali.

Enzi hizo nyota wa filamu alikuwa mwajiriwa wa studio kwa mkataba wa miaka kadhaa. Studio ndiyo iliyoamua acheze filamu gani, avae nini, apigwe picha wapi na jina lake litumike vipi. Max Factor hakuhitaji kujadiliana na kila nyota, bali alikubaliana na studio.

Kwa upande wake, kampuni ilipata picha ya nyota na ruhusa ya kusema kwamba anatumia vipodozi vyake. Kwa upande wa studio, kila tangazo lililotoka magazetini lilitaja jina la nyota, jina la studio na filamu yake mpya inayokuja. Nyota mwenyewe, kwa mujibu wa historia zilizoandikwa kuhusu kampuni hiyo, alilipwa dola 1 tu ili makubaliano yawe halali.

Kwa namna hiyo tangazo la poda likawa pia tangazo la filamu, na filamu ikawa tangazo la poda. Gazeti lililipwa na kampuni moja, lakini waliofaidika walikuwa wawili.

Chini ya tangazo kulikuwa na kuponi. Msomaji aliweka alama kwenye visanduku vya rangi ya ngozi yake, macho yake na nywele zake, akaambatanisha senti 10 na kutuma kwa posta. Alirudishiwa sampuli ya poda na rangi inayomfaa, pamoja na kijitabu cha maelekezo.

Kuponi hiyo ilifanya kazi mbili. Msomaji alipata ushauri uliokuwa kama umeandikwa kwa ajili yake peke yake, nayo kampuni ikapata jina na anwani ya mteja, na ikajua katika mji gani rangi zipi zinahitajika.

Nguvu ya matangazo hayo ilitokana na ukweli mmoja ambao waigaji wengi waliokuja baadaye waliusahau. Watu wa filamu walikuwa kweli wateja wa Max Factor. Walikuwa wakipita dukani kwake tangu mwaka 1914, na sura zao kwenye pazia zilikuwa kazi ya mikono yake. Tangazo halikumbandika nyota juu ya bidhaa asiyoijua.

Hata hivyo, ukweli huo ulikuwa na mwisho wake. Poda ya Society Make-Up aliyouziwa mteja haikuwa ile rangi ya kamerani. Alichonunua msichana yule wa kijijini kilikuwa kitu cha ukoo mmoja na kile cha nyota, lakini si kitu kile kile.

HABARI ZILIZOJITANGAZA ZENYEWE

Mbali na matangazo ya kulipia, Max Factor na wanawe walijua kutengeneza habari ambazo magazeti yalizichapisha bure.

Mwaka 1932 walionyesha kifaa cha chuma kinachovishwa kichwani kama kizimba, chenye mikanda na skrubu nyingi, ambacho walisema kinapima uso na kuonyesha mahali unapokosea kwa kiwango ambacho jicho halioni. Picha ya msichana mrembo akiwa ndani ya kizimba hicho, huku Max Factor akiwa na miwani na koti jeupe akikaza skrubu, ilizunguka magazetini na bado inachapishwa hadi leo.

Habari nyingine ilihusu Marlene Dietrich, ambaye nywele zake za bandia zilinyunyiziwa vumbi la dhahabu halisi ili zing'ae mbele ya taa. Ilikuwa gharama, lakini ikilinganishwa na nafasi ambayo habari hiyo ilipata magazetini, dhahabu ilikuwa rahisi.

Studio nazo zilikuwa zikicheza mchezo ule ule. Mwaka 1931 watu wa Howard Hughes walioshughulikia umaarufu wa Jean Harlow walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa msusi atakayeweza kupata rangi ya nywele kama yake. Vilabu vya mashabiki vilianzishwa, wasichana wakajimwagia dawa kali vichwani, na filamu ikapata jina kutokana na rangi hiyo.

Kilele cha yote kilikuwa Novemba 1935, kampuni ilipofungua jengo lake jipya karibu na Hollywood Boulevard. Mchoraji aliyepewa kazi ya kulisanifu upya alikuwa S. Charles Lee, mtu aliyejulikana kwa kubuni majumba ya sinema, na jengo lilionekana hivyo hivyo, kama ukumbi wa sinema ambao mteja anaingia ndani ya picha.

Kulikuwa na vyumba vinne, kila kimoja kwa aina yake ya nywele. Jean Harlow alifungua chumba cha samawati cha wenye nywele za dhahabu, Ginger Rogers cha kijani kwa wenye nywele nyekundu, Claudette Colbert cha waridi kwa wenye nywele nyeusi, na Rochelle Hudson cha rangi ya pichi kwa wenye nywele za kahawia. Maelfu ya wageni walifika, nyota wakatia saini kwenye karatasi ndefu ya kumbukumbu, na waandishi wa habari wakapata picha za wiki nzima.

PAN-CAKE NA FILAMU ZA RANGI

Kila teknolojia ya filamu ilipobadilika, biashara ya Max Factor ilikuwa hatarini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilipokuja filamu za pankromatiki, zilizoona rangi zote, pamoja na taa mpya zenye joto kali, ilibidi atengeneze rangi mpya kabisa. Kwa kazi hiyo Akademia ya Filamu ya Marekani ilimpa cheti cha kutambua mchango wake.

Miaka michache baadaye ikaja Technicolor, filamu yenye rangi kamili. Rangi za zamani zilikuwa zikimeta, na ule mmeto ulidaka rangi ya kila kitu kilichokuwa karibu. Mwigizaji akikaa karibu na pazia jekundu uso wake ulipata wekundu. Baadhi ya nyota waliogopa kabisa kucheza katika filamu hizo.

Wakati huo afya ya Max Factor ilikuwa imeanza kudhoofika, na kazi kubwa ilifanywa na Frank. Matokeo yake yalikuwa unga mkavu ulioshindiliwa ndani ya kisahani, unaopakwa kwa sponji lililoloweshwa maji, nao ukapewa jina la Pan-Cake. Ulifunika ngozi bila kumeta.

Ulionekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Vogues of 1938, iliyotoka mwaka 1937. Wahakiki walisifu sura za waigizaji, na inasimuliwa kuwa wanawake waliocheza humo walikuwa wakiondoka na visahani hivyo kwenda navyo nyumbani.

Kwa mfanyabiashara, wizi huo ulikuwa ripoti ya soko. Tatizo lilikuwa kwamba rangi zile zilitengenezwa kwa ajili ya taa za studio, na barabarani zilionekana zimekoza mno. Frank akatengeneza vivuli vyepesi zaidi, na mwaka 1938 Pan-Cake ikaingia madukani ikiwa na matangazo ya rangi, nyota na majina ya filamu.

Hii ndiyo iliyokuwa kampeni iliyokamilika kuliko zote. Safari hii mteja alinunua kitu kilichozaliwa ndani ya filamu yenyewe. Alikiona kikifanya kazi sinemani usiku, na asubuhi akakikuta kwenye kabati la duka.

RANGI ZA NANI?

Lipo jambo ambalo msomaji wa upande huu wa dunia hawezi kulipita. Vile vyumba vinne vya mwaka 1935 vilipangwa kwa kufuata rangi ya nywele za wanawake weupe. Visanduku vya kuponi vilianzia ngozi nyeupe sana na kuishia ngozi ya rangi ya zeituni. Mwanamke mweusi wa Marekani, aliyelipa kiingilio cha sinema kama wengine na mara nyingi akaketishwa sehemu ya peke yake, hakuwa na chumba.

Hilo lilidhihirika baada ya kifo cha mwenye kampuni. Mwaka 1942 mwimbaji Lena Horne aliingia mkataba na studio ya MGM. Kwa maelezo yake mwenyewe, studio iliona anaonekana mweupe mno kwenye kamera, ikaagiza kwa kampuni ya Max Factor rangi ya kumkoleza, iliyoitwa Light Egyptian.

Rangi hiyo baadaye ilitumika kuwapaka waigizaji weupe waliopewa nafasi za wanawake wenye damu mchanganyiko. Katika Show Boat ya mwaka 1951, nafasi ya aina hiyo alipewa Ava Gardner. Horne, ambaye vipande vyake vya nyimbo vilikuwa vikikatwa filamu zilipopelekwa majimbo ya kusini, aliona rangi iliyotengenezwa kwa ajili yake ikimfungulia mlango mtu mwingine.

Ufundi wa Max Factor ulikuwa kuoanisha rangi na uso. Lakini tangazo lililotegemea nyota lilifika pale tu ambapo nyota walifika, na studio ndizo zilizoamua nani awe nyota. Soko lote la watu weusi liliachwa, na pengo hilo likaja kujazwa miaka mingi baadaye na wafanyabiashara wengine.

KIFO NA HATIMA YA JINA

Mwaka 1938 Max Factor alikuwa Ulaya kwa safari ya kibiashara akiwa na mwanawe Davis. Wakiwa Paris alipokea barua ya vitisho iliyomtaka atoe fedha la sivyo atauawa. Polisi walimtumia mtu aliyefanana naye kwenda mahali palipotajwa, lakini hakuna aliyejitokeza.

Tukio hilo lilimtikisa sana. Daktari alishauri arudishwe nyumbani, na alipofika alilala kitandani bila kuinuka tena. Alifariki Agosti 30, 1938, mjini Beverly Hills, wakati Pan-Cake ikiwa ndiyo kwanza inashika soko.

Familia ilifanya uamuzi wa kibiashara hata katika msiba. Frank alibadilisha jina lake na kuwa Max Factor Jr., ili wateja wasione kuwa mwenye jina ameondoka. Aliendesha ufundi wa kampuni kwa miaka mingi, huku Davis akishika upande wa biashara.

Mwaka 1973 kampuni iliunganishwa na Norton Simon kwa mapatano ya dola milioni 480. Baadaye ilipita mikono kadhaa, ikaangukia kwa Revlon mwaka 1987, kisha Procter & Gamble mwaka 1991. Mwaka 2010 Procter & Gamble iliacha kuuza bidhaa za Max Factor nchini Marekani, ingawa ziliendelea kuuzwa Ulaya na kwingineko. Hivyo jina lililotengenezwa na Hollywood likaondoka kwenye maduka ya nchi ya Hollywood na kubaki bidhaa ya nje. Mwaka 2016 jina hilo lilihamia kampuni ya Coty.

Mwaka 2022 chapa hiyo ilimtangaza Priyanka Chopra Jonas, nyota aliyeanzia filamu za Kihindi kabla ya kuingia Hollywood, kuwa sura yake duniani. Karibu karne moja baada ya mapatano ya kwanza na studio, njia ilikuwa ile ile, ila ngozi iliyotangazwa ilikuwa imebadilika.

Lile jengo la mwaka 1935 halikubomolewa. Tangu mwaka 2003 limekuwa makumbusho ya Hollywood, na kile kizimba cha chuma cha kupimia uso kimehifadhiwa humo, pamoja na vyumba vya nyota vya rangi nne.

Kwa anayefikiria leo kumlipa msanii asimame na bidhaa yake, mpangilio wa kazi ya Max Factor unafaa kutazamwa upya. Kwanza alitatua tatizo la watu wa filamu kwa miaka 13, akafahamiana nao, akawaachia hata wanawe wakalinde mawigi. Tangazo la nchi nzima lilikuja baada ya hapo. Wengi huanzia mwisho wa orodha hiyo, wakamlipa nyota kabla bidhaa haijamsaidia mtu, kisha wakashangaa kuona watu wanaukumbuka uso wa msanii na kulisahau jina la bidhaa.